Ndugu wa Peck na Msitu wa Genesee

Genesee, New York
12 Mei 1796

Kaka Jotham,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, ila mbu wa huku wamenila hadi nimebaki masikio. Kifua cha Mama kimetulia?

Kaka, keti kwanza. Umeketi? Nimepata ardhi! Eka elfu sita kando ya mto, udongo mweusi kama masizi. Mwezi uliopita eka moja ilikuwa nusu dola, leo ni robo tatu, na mabwana wa Philadelphia wanakuja mbio na mifuko wazi. Jirani yetu Bwana Bostwick yuko tayari kunikopesha hela yote, mradi wewe unidhamini na shamba la Baba liwe rehani. Mwaka mmoja tu! Tunauza nusu, tunalipa deni, nusu inayobaki ni yetu.

Usiniulize maswali. Tia saini.

Mdogo wako,
Asahel

Sharon, Connecticut
20 Juni 1796

Mdogo wangu Asahel,

Barua imefika, nasi hatujambo. Mama anakohoa pale tu anapotaka asikilizwe.

Nilimsomea maneno yako mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Huyu mtoto atatuzika." Mara ya pili akauliza, "Kwani ameandika eka ngapi?" Unajua mwenyewe, hapa kila masika tunavuna mawe kabla hatujapanda mahindi. Basi nimetia saini. Bostwick akanimiminia pombe ya tufaha, yeye ambaye hajawahi kumpa mtu hata maji. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Ukiuza, uza upesi.

Kaka yako,
Jotham

Genesee
18 Septemba 1796

Kaka,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo, na ningekuwa na mbawa ningeruka!

Nimechora mji. Unaitwa Peck, jina la ukoo wetu. Una soko, una kanisa, una Mtaa wa Mama Submit, jina la mama yetu kabisa. Kwa sasa wakazi wa mtaa huo ni dubu wawili, lakini wana adabu. Jana bwana mmoja wa Philadelphia alitaka kununua nusu ya ardhi kwa dola moja na nusu kila eka. Nimemkatalia! Masika ijayo eka itafika dola tatu. Mwambie Mama achague kitambaa cha gauni.

Mdogo wako,
Asahel

Sharon
8 Januari 1797

Asahel,

Mama mzima, mimi mzima, ng'ombe mzima. Salamu zimeishia hapo.

Nimekuandikia mara tatu, kimya. Mabwana zako wa Philadelphia wamefilisika, mdogo wangu! Wengine wako jela. Hakuna anayenunua hata jani. Bostwick amesikia, naye anataka shamba, na kwa deni litakalosalia anataka nitiwe jela mimi. Sheria haimruhusu askari wa mahakama kuvunja mlango wangu, wala kunikamata siku ya Bwana. Basi mimi ni mtu Jumapili tu. Siku nyingine ni panya. Askari Elihu anakaa juu ya ua akinisubiri. Mama humpitishia uji wa moto dirishani. Nikamwambia, "Mama, huyo ndiye adui!" Akanijibu, "Adui naye anashikwa na baridi."

Ulimkatalia mnunuzi! Ngoja nikutie mkononi.

Jotham

Genesee
25 Januari 1797

Kaka yangu,

Poleni sana. Nimesoma barua yako nimesimama, kukaa nilishindwa. Zile tatu hazikunifikia.

Nipige utakavyo, lakini nipigie huku. Ardhi ninayo, hati ni halali. Hela ndiyo sina. Nitampelekea Bostwick eka nyingi kadiri atakavyotaka, akichukua na shamba, deni lifutwe. Ila akikutia jela kwanza, atanikamua mpaka mfupa. Amri ya mahakama ya Connecticut inaishia mpakani mwa New York, na mpaka hauko mbali. Tokeni Jumapili! Jua likizama, Sabato yetu ya Jumapili imekwisha, na Elihu anaweza kukushika. Kimbieni!

Asahel

Amenia, New York
13 Februari 1797

Mdogo wangu,

Tumevuka! Mama mzima, mimi sina sauti kwa kupiga kelele.

Tulitoka jana kwa gari la theluji, Mama kajifunga godoro la manyoya. Njiani mlinzi wa Sabato, yule anayezuia wasafiri Jumapili, akatuzuia kwa fimbo yake: "Safari siku ya Bwana?" Mama akasema, "Twaenda kusikiliza mahubiri, kanisa la mpakani." Akatupisha. Tulipofika kanisani nikamchapa farasi tupite. "Simamisha," akasema Mama. "Sitasema uongo Jumapili."

Asahel, tuliingia! Mhubiri alianza na Adamu. Jua likashuka, akafika kwa Nuhu. Nikageuka: Elihu ametufuata, yuko benchi la nyuma, karatasi ya mahakama magotini, anatazama dirisha. Nilitokwa jasho, theluji nje. "Amina" ilipotoka nilimbeba Mama na godoro lake. Elihu akapanda farasi. Tulikimbizana, jua limegusa mlima, yeye akiita, "Jotham, simama!" na Mama akimjibu, "Jua bado linaonekana hilo!" Tukapita jiwe la mpaka. Elihu akasimama, akavua kofia. "Safari njema, Mama Peck. Ule uji ulikuwa mzuri."

Tunakuja.

Kaka yako,
Jotham

Genesee
2 Machi 1797
(Iachwe kwenye nyumba ya wageni, Canandaigua, waichukue wakipita)

Mama, na Kaka,

Mmefikaje? Miguu haijaganda kwa baridi?

Bostwick amekubali! Amechukua shamba na eka elfu nne, na deni limefutwa kwa mkono wake. Kaka, uko huru, hata kurudi waweza. Lakini huko hatuna tena mlango. Huku nina kibanda ambacho upande mmoja hauna paa. Familia za Vermont zimeshaanza kununua viwanja, zinaimba zikikata miti. Chagueni wenyewe. Sitasema "tia saini" tena.

Wenu,
Asahel

Ukingo wa mashariki, mto Genesee
11 Machi 1797

Asahel,

Sote wazima, na barua yako tumeikuta Canandaigua. Mwindaji anayevuka kwa miguu ndiye anayekuletea hii.

Mama alililia shamba la Baba kuanzia Canandaigua hadi kilima cha pili. Kisha akapangusa pua akasema, "Endesha." Sasa tuko ng'ambo, moshi wako tunauona. Barafu ya mto imeanza kulia chini ya farasi. Njoo na kamba ndefu na wale Wavermont wako wote. Nimemsihi Mama tusubiri mpaka kesho, hataki. Ameshashuka, anaijaribu barafu kwa fimbo.

Kimbia!

Kaka yako,
Jotham