Makofi ya sentensi ya Innocent

Ndosho, Jumanne

Ati exercice tu. Exercice gani inatoka ku kinywa bila kukwama, na Innocent, bwana yangu, hajamaliza hata siku moja sentensi ya Kingereza bila kukohoa?

Leo ku darasa la Kingereza, tunalosoma wote wawili, mwalimu aliandika ku tablo: I want you to come. Akaeleza kwamba Kingereza kinatanguliza anayetaka, kinafuatisha anayetumwa, halafu kazi yenyewe. Kila mutu atoe mufano wa nyumbani kwake.

Mimi nilisema nataka bwana yangu anisaidie kuchota maji. Wakacheka, wakanipigia makofi, kama kawaida yetu mutu akipata juste.

Innocent akasimama. Akasema, kwa Kingereza safi: mama yangu anataka nirudishe bibi yangu kwao Butembo.

Mwalimu akafurahi. "Très bien, papa! Tumupigie makofi!"

Njiani nikamuuliza ile sentensi aliitoa wapi, maana bibi yake ni mimi, na kwetu ni Butembo.

"Furaha, ni exercice tu. Usianze."

Hakuniangalia. Sentensi kama ile mutu anaitayarisha.

Mama yake alifika toka Rutshuru juma iliyopita. Wanaongea Kinyarwanda jikoni, wao wawili, na nikiingia wananyamaza. Halafu mama mukwe anaanza kusifu sufuria zangu. Sitaki kuwaza mubaya, lakini...

Darasa lote lilimupigia makofi. Na mimi nilipiga, kwa nguvu kuliko wote, nikimufurahia bwana yangu, kabla ya kuelewa alichosema.