Kilichozikwa Badala ya Mfupa wa Bibi

Tukuyu, Rungwe
Wakati wa masika

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu wako uliokuwa ukivimba umepungua? Na wadogo zangu, homa imewaacha? Mimi mzima, ila baridi ya huku sijaizoea. Mvua inatuamsha na mvua inatulaza, na nguo ninazofua nazikaushia juu ya jiko la mkaa. Bibi yu hai, anakula, na anakusalimu sana. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki bila kushika kifua.

Najua Mjomba Hamisi alikuandikia kwamba bibi aliteleza uani, akavunjika nyonga, akapasuliwa, na kwamba mambo yamekwisha salama. Mama, hayajaisha. Sipendi kumsema mjomba, maana ndiye anayenilisha. Lakini wewe ulinituma huku nimuuguze mama yako mara tu nilipomaliza kidato cha nne, na bibi mwenyewe amenituma nikuandikie. Kuna mambo ambayo mjomba hakuyatia katika barua yake.

Siku ya upasuaji daktari alitoka akatuonyesha chupa yenye mdomo mpana. Ndani, katika maji ya dawa, kulikuwa na kitu cha mviringo, ukubwa wake kama limau kubwa. Alisema ndicho kichwa cha mfupa wa paja la bibi, kilichokatika, naye amemwekea cha chuma. Mjomba akanyoosha mikono.

"Nipe nikazike, daktari. Kwetu sisi Waislamu kiungo cha mtu hakitupwi. Kinavishwa sanda, kinafukiwa."

"Utasubiri, mzee. Kinakwenda Dar es Salaam kupimwa."

"Kupimwa nini? Amevunjika. Hata mimi fundi cherehani naona amevunjika!"

"Kila mfupa ninaoutoa naupeleka kupimwa. Hata nikiuona mzuri."

Tulipofika nje mjomba alinishika bega. "Umesikia? Kila mfupa! Sasa mfupa mzuri unatafutiwa nini huko? Hawa ni mumiani. Zamani walitaka damu, siku hizi wanataka mifupa."

Sikuamini habari za mumiani, mama, tulikatazwa shuleni. Lakini nami nilikuwa na shaka yangu. Niliwaza kwamba daktari ameharibu kitu ndani ya nyonga ya bibi, na anaupeleka mfupa mbali ili asije mtu akauona. Jirani yetu Mama Subilaga, anayeleta ndizi kutoka Kisondela, alizidisha moto. "Gwe Hamisi, ukawaachia? Mimi jino langu tu waliponing'oa niliondoka nalo mkononi!"

Bibi aliposikia alisukuma bakuli la uji. "Siwezi kula na kipande changu kiko safarini," alisema, na hakula kweli. Nilimbembeleza mpaka nikalia. Macho yake yakaanza kuingia ndani.

Ndipo mjomba alipofika wodini na furushi la bafta nyeupe, ile ile anayowafichia wateja wake tangu nguo zilipoadimika. "Mama, wamenirudishia." Bibi aliligusa kwa vidole, akasoma Fatiha, akaniambia, "Mke mwenzangu, leta huo uji."

Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema kiungo hakisaliwi, kinafukiwa tu, basi mjomba alitaka jambo la kimya. Lakini Wanyakyusa, mama, hawamwachi mtu azike peke yake. Habari zilipofika sokoni walikuja na mikungu ya ndizi, wakaja na kuni, na balozi wa nyumba kumi akaja na kiti chake. Mama mmoja wa Nkunga, ambaye hajapata kumwona bibi, alilia hata wenzake wakamshika. Mjomba alikuwa akitazama chini muda wote.

Mimi nilikuwa nikitazama lile furushi. Lilikuwa refu kama mchi, na nilichoonyeshwa mimi kilikuwa limau. Niliogopa kwamba hospitali imempa mfupa wa mtu mwingine, nikaogopa zaidi kufikiri ni wa nani. Sikusema. Unanijua, hata nikikanyagwa ndimi ninayeomba radhi. Baadaye nilipita sokoni na mjomba, muuza nyama akapaza sauti: "Mzee Hamisi! Ule mguu wa mbuzi, supu ilikolea?" Mjomba aliongeza mwendo, nami nikajua tulizika nini.

Labda ningenyamaza hadi leo, maana bibi alikuwa ametoka hospitali, anajifunza kutembea kwa magongo, na moyo wake umetulia. Lakini majibu yalikuja. Daktari alituita sote watatu. Alisema katika ule mfupa wamekuta kifua kikuu. Nilidhani anatania, kifua kwenye nyonga? Akaeleza kwamba ugonjwa huo huingia hata ndani ya mifupa, ukaula wa bibi polepole mpaka ukavunjika kwa kuteleza kudogo. "Mimi nilidhani ni uzee na utelezi," alisema. "Nilikosea. Kwa macho sikuona kitu." Bibi anahitaji sindano na vidonge kwa miezi mingi. Asipotibiwa, ugonjwa utaendelea kula pembeni ya kile chuma na unaweza kupanda mgongoni.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa pua. "Mfupa wangu uko makaburini, baba. Watu wameulilia. Wewe umepima wa nani?"

Daktari akamtazama mjomba. Mjomba akatazama kofia yake. Tukarudi nyumbani bila sindano.

Tangu hapo bibi alikataa kabisa kurudi kule, akisema yule daktari kijana anatafuta mtu wa kujifunzia kudunga. Kila jioni joto lilimpanda. Nilimfuata mjomba kibarazani, akikanyaga cherehani.

"Mjomba, mwambie."

"Nimwambie nini? Niwaambie watu wote waliokula hapa kwamba walimlilia mbuzi? Nitahama Tukuyu, mwanangu! Mimi nilitaka ale tu."

"Alikula. Sasa atakufa akijua amezikwa vizuri."

Cherehani ilisimama. "Kumbe na wewe una ulimi," alisema. Lakini miguu, mama, ilikuwa tayari inakwenda chumbani kwa bibi, na mjomba akinifuata nyuma akiniita.

Nikamwambia, "Bibi, kaburini hamna mfupa wako. Wako uko Dar es Salaam. Nimeuona mimi, ni wa mviringo."

Bibi alimgeukia mjomba mlangoni. "Hamisi. Mmenizikia nini?"

"Mbuzi, mama."

"Dume au jike?"

"Sikuuliza, mama."

"Umemvisha mbuzi sanda, ukanishikisha nimsomee Fatiha." Nilidhani atacheka, nikakosea. Alimwambia aondoke mbele ya macho yake, na mjomba, mtu mzima mwenye mvi, akaondoka.

Nikakumbuka swali ambalo daktari aliniuliza mlangoni siku ya majibu, nikamwambia bibi daktari anauliza kama alikuwa akichechemea kabla ya kuanguka. 

"Nani kamwambia?"

"Hakuna aliyemwambia. Majibu ya mfupa ndiyo yaliyomfanya aulize."

Basi akaniambia. Nyonga ilianza kumuuma tangu yuko kwako Pangani, kabla hajahamia huku. Alikuficha, akatuficha wote, akatembea kwa kushika kuta tukiwa tumelala, maana hakutaka kuitwa mzigo wa mtu. "Siri yangu sikumpa hata mwanangu," alisema. "Na huo mfupa umenisema." Kesho yake aliomba magongo mwenyewe, twende hospitali.

Sasa anadungwa sindano kila asubuhi. Joto la jioni limeanza kupungua. Sitakudanganya kwamba shaka imeniisha. Daktari anapovuta dawa kwenye bomba mimi husogea nione. Nilimwuliza ni mifupa mingapi imempa majibu ya namna hii, akasema mingi haimpi kitu chochote, ndiyo maana wenzake humwona anajisumbua. Nilimwuliza pia mfupa utarudi lini. Alisema umekatwa vipande vyembamba, ataomba kilichobaki. Sijui kama ataomba kweli. Nitamkumbusha.

Mama, sasa nafika penye neno lililomfanya bibi aseme nikuandikie. Daktari aliuliza nani nyumbani alikohoa muda mrefu. Bibi akajibu, "Marehemu mume wangu, alikohoa mpaka damu. Lakini yeye alirogwa." Daktari hakubishana. Alisema tu kwamba ugonjwa huu mtu huupata kwa mwenzake wa ndani, na wote tuliokaa na babu tupimwe vifua. Mimi na mjomba tumekwisha pimwa, tu wazima.  Siku hiyo tulipokaribia nyumbani bibi alisimama kwenye matope, akaegemea magongo, akasema, "Na Bi Mkunde tulisema ndiye aliyemroga, tumemnyima salamu tangu matanga ya babu yako. Alileta maji, tukayamwaga."

Wapeleke wadogo zangu hospitali wapimwe, nawe upimwe, hata kama hakuna anayekohoa. Usingoje.

Nisalimie baba, umwambie majibu ya mtihani yakija anitumie, yawe mazuri au mabaya. Nisalimie shangazi anayepika maandazi, na kaka yangu wa shamba la mkonge, na somo yangu aliyenisuka siku ya kuondoka. Mjomba anawasalimu pia, ingawa bado bibi anamjibu kupitia kwangu.

Na Bi Mkunde, mama, usimtumie mtoto. Nenda mwenyewe mpaka mlangoni kwake, umpe shikamoo ya bibi.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwantumu