Bastola za Mbao Kilimani

Jumamosi, 7 Juni
Kilimani tena, upande wa Soweto. Kilima chenyewe ni lundo la mchanga wa njano wa mgodi wa zamani wa dhahabu. Upepo, baridi. Safari, fundi cherehani kutoka Bukavu, anarekodi filamu yake ya kauboi kwa simu. Farasi mmoja wa kukodi. Bastola za mbao, zimepakwa rangi nyeusi ya viatu, zinachafua mikono. Bahati, mlinzi wa usiku na baba wa Neema, anaigiza jambazi aliyetubu. Mwisho wa hadithi anatupa bastola na kupiga magoti mbele ya maadui. Hawezi. Safari alimpigia kelele:
"Papa Neema, unapiga magoti kama unatafuta sarafu!"
Wote walicheka, Bahati pia. Watarudia wiki ijayo. Makala yangu ya gazeti kuhusu filamu hii itasubiri.

Jumamosi, 14 Juni
Siku mbaya. Mtu aliwaona waigizaji kutoka chini, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: wachimbaji haramu, wana silaha. Watu walipanda na marungu. Waigizaji walikimbia. Bahati alitupa bastola, akapiga magoti, mikono juu. Hata hivyo wakampiga. Nilipiga kelele kwamba ni filamu. Bure. Polisi walimkamata yeye, si waliompiga.

Jumapili, 15 Juni
Kituoni tangu asubuhi. Bahati akishtakiwa, kazi ya ulinzi imekwisha, na kibali chake cha ukimbizi huenda kikafuata. Nilimwekea sajenti bastola nyingine ya mbao mezani. Akaishika, akatazama vidole vyake vilivyochafuka rangi ya viatu.
"Eish," akashangaa.
Nikamwonyesha picha zote nilizopiga wakirekodi. Alasiri wakamwachia bila mashtaka. Mkono wake wa kushoto umevunjika. Nina hasira.

Jumanne, 17 Juni
Video ya kipigo inazunguka kwenye simu. Safari anataka video hiyo imalizie filamu yake. Anasema hakuna mwigizaji atakayeweza kupiga magoti namna ile. Nilimwona mpumbavu. Alimwomba Bahati mbele yangu.
"Pale sikuwa naigiza, Safari. Nilikuwa naomba niishi."
Safari alirudi kwenye cherehani. Hakushona kitu.

Jumamosi, 28 Juni
Uani kwa Safari, wanarudia mwisho wa filamu. Ukuta mtupu, hakuna farasi. Plasta ya mkono wa Bahati imefichwa chini ya koti refu. Bahati alitupa bastola. Maadui wakangoja apige magoti. Hakupiga. Alisimama, akawatazama mmoja mmoja. Safari aliacha simu irekodi. Filamu inaishia hapo.
Jioni Neema alimfunga baba yake vifungo vya sare ya ulinzi. Bahati akaenda kazini.