Mzee Amesema Mkaa Uoshwe Kwanza

Ibighi, Tukuyu

Dada yangu Mwanahamisi,

Nakusalimu kutoka kwenye mvua na baridi, nikitumaini mguu wako umepata nafuu na mama anaamka vizuri na kula. Sisi wawili ni wazima wa mwili. Barua yako imefika Jumatatu, nikaisoma palepale posta nikiwa nimesimama. Unauliza kwa nini wifi yako Zaina amekuandikia kwamba anataka kurudi Tanga, na unasema mjomba yuko tayari kuja kumchukua. Kabla mjomba hajapanda basi, soma haya. Kazi yangu ni kuandika habari za watu. Hii ya kwangu nitaiandika vilevile, wala sitajipendelea.

Unajua mke wangu alianza kutia vitambaa rangi mwaka jana. Tangu biashara iwe huria, rangi za unga zinapatikana Mbeya bila kibali wala foleni, na wanawake wa mji huu wanapenda batiki zake. Maji yaliyobaki na ya kusuuzia alikuwa anayamwaga mtaroni, na mtaro unashukia kijito ambacho watu wa bondeni wanachota. Siku moja kijito kiliamka bluu. Mama Tupokigwe, jirani yetu wa chini, akaja na ndoo yake kichwani.

“Mama Batiki,” akasema, “leo ugali wangu uwe na rangi ya sare za shule?”

Wanawake wa bondeni waliofuatana naye walicheka wote, kisha wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akatoa wiki tatu: maji yatoke meupe, la sivyo kazi ya rangi ikome.

Aliyejitolea kusaidia ni mwenye nyumba wetu, Mzee Ambakisye wa Suma. Usidanganywe na hilo neno mzee. Ana miaka hamsini na kitu, mjane, mgongo umenyooka, meno yote yapo. Alifanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya shaba Zambia, na huko aliona maji machafu yakisafishwa kwa mkaa. Siku tulipohamia hapa alinishika mkono akasema, “Huku huna baba. Basi baba yako ni mimi, mwanangu.” Nikashukuru, nikadhani ni ukarimu wa maneno tu.

Utaratibu wake ni huu. Maganda ya ndizi yanakusanywa kwenye mikahawa ya sokoni, ambako wanayatupa. Yanaanikwa, halafu yanachomwa ndani ya debe lililofunikwa, hewa ikiingia kidogo sana, ili yawe mkaa. Mkaa unapondwa, unachekechwa, unaoshwa. Yanapondwa pia yale mawe meusi mepesi yaliyojaa mashambani huku, yenye matundu kama mkate. Vyote vinapangwa kwenye mapipa matatu yaliyotobolewa chini, na maji ya rangi yanapita pipa moja baada ya jingine. Rangi inanasa kwenye mkaa. Mkaa ukishiba unaondolewa, unawekwa mwingine. Gharama yake ni jasho tu.

Ikawa nyumbani hakuna habari nyingine. “Mzee amesema mkaa uoshwe kwanza.” “Mzee amesema tusimwage kwa pupa.” Dada, tumeoana miaka tisa, na gazeti limechapa habari zangu zisizo na idadi. Sijawahi kumsikia Zaina akirudia hata sentensi yangu moja.

Nikaanza kuchunguza. Kila niliporudi kutoka Kiwira au Kyela kutafuta habari, nilikuta alama za viatu vya mwanamume kuzunguka mapipa, na gunia la maganda kwenye mlango wa nyuma. Mara mbili nilimwona mzee akitokomea migombani wakati Zaina anaingia kwa mbele. Kisha Ijumaa moja tukakutana naye njiani kwenda sokoni. Zaina akajifunika uso kwa kanga, akachepuka hadi ndani ya shamba la chai la watu. Mzee naye akageuka, akaelekeza uso kwenye ukingo wa barabara, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikabaki peke yangu katikati ya njia na kikapu.

“Mbona mnakimbiana?” nilimwuliza Zaina.

“Ni heshima.”

“Heshima gani ya kujificha kwenye chai?”

“Waulize wenyeji. Si wewe mwandishi?”

Sikumwuliza mtu. Katika miaka yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo habari pekee niliyoihitimisha bila kusikia upande wa pili. Nilimfuata mzee nikamwambia asikanyage tena nyuma ya nyumba yangu. Nyumba ni yake, lakini ndivyo nilivyosema. Akanitazama, akasema, “Ndaga,” yaani asante, akachukua chekeche lake akaenda zake Suma.

Kazi ya mapipa nikaichukua mimi. Baada ya siku chache mkaa ulishiba, maji yakaanza kutoka na ubluu. Nikachoma maganda mapya uani, moto wa wazi, unaowaka vizuri.

“Hayo ni majivu,” Zaina akasema.

“Majivu na mkaa vyote vimeungua.”

Nikajaza mapipa. Maji yakatoka bluu kama yalivyoingia, na juu ya hayo yakawa yanateleza kama ya sabuni. Zilibaki siku mbili. Zaina hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akazitia kwenye begi, akakaa mezani akakuandikia wewe.

Mama Tupokigwe alikuja kuangalia mapipa, akaniuliza mzee yuko wapi. Nikamweleza, kwa kuwa sasa nilikuwa sina cha kuficha. Aliketi chini kwa kicheko.

“Mwandishi! Unamwonea wivu mkwe wa mkeo?”

Ndipo nikaambiwa jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Kwa Wanyakyusa, mwanamke na baba wa mumewe hawatazamani, hawakai chumba kimoja, hata njia hawapishani. Mzee aliponiita mwanangu hakuwa anatania. Siku hiyohiyo Zaina alikuwa mkamwana wake, na wanawake walimfundisha adabu zake wiki ya kwanza, mimi nikiwa Kyela naandika habari za mpunga. Yale yote ya “mzee amesema” yalipitia kinywani mwa Mama Tupokigwe.

“Angekuwa anamtaka,” mama huyu akamalizia, “angepita mlango wa mbele, akae, anywe chai!”

Nilikwenda Suma kwa miguu. Nilimkuta analima.

“Mwagonile, tata,” nikamwamkia kwa lugha yake, nikimwita baba.

“Umekuja kunifukuza na huku?”

Nikamwomba radhi. Akaendelea kulima hadi mwisho wa tuta, kisha akasema, “Mimi yamekwisha. Uliyemtia aibu ni mkamwana wangu. Nitakuja. Lakini Mama Tupokigwe amechoka kubeba maneno. Utayabeba wewe.”

Kesho yake Zaina alikaa ndani, dirisha limefungwa. Mzee alikuwa kwenye mapipa na gunia la mkaa aliouchoma Suma, mimi nimesimama katikati.

“Mwambie mkaa uwe laini kama unga wa ulezi,” akasema mzee.

“Anasema mkaa…”

“Nimesikia,” Zaina akajibu kutoka ndani. “Mwambie chekeche langu limetoboka.”

“Nimesikia na mimi,” mzee akaniambia, “lakini lazima useme.”

Nikasema. Nilisema asubuhi nzima. Kisha mzee akaniambia, “Mwambie majivu ya mumewe yasitupwe, yatafaa kuhifadhi maharage.” Kabla sijafungua kinywa, kicheko kikatoka dirishani. Dada, sijui lini Zaina amecheka vile kwa neno langu. Najua yule ni nani kwake, najua kinachowatenga, na bado ilinichoma. Siwezi kukuandikia kwamba haikunichoma.

Siku ya ukaguzi mwenyekiti alikuja na wanawake wa bondeni. Tukamimina ndoo ya bluu nzito. Ilipopita pipa la tatu, Mama Tupokigwe alichovya kitambaa cheupe, akakikamua, akakiinua juu ili wote waone. Kilikuwa cheupe. Kazi ya rangi inaendelea.

Hiyo ndiyo habari yote, isipokuwa sehemu moja nisiyoijua. Begi la Zaina bado liko nyuma ya mlango, limefungwa. Sijamwuliza, kwa kuwa naogopa jibu. Juu ya safari ya mjomba sina haki ya kuamua, kwa hiyo barua hii nampa aisome na kuongeza lake.

Mwamkie mama, na mjomba anayeisubiri habari hii kwa hamu, na shemeji yangu mwenye duka la kamba. Wanao wabusu mashavu.

Ndimi mdogo wako,
Saidi

Wifi, nimesoma, ni kweli yote. Mjomba asije kunichukua. Jana mdogo wako alishuku jambo jingine, akaniuliza kwanza, ndipo akakasirika. Swali lenyewe lilikuwa la kipuuzi, lakini aliuliza. Leo asubuhi nimetoa nguo kwenye begi. Zaina.