Maswali kwa Mzee Gakwaya

Nyakabanda, Kigali

Mdogo wangu mpendwa Kenneth,

Pokea salamu nyingi kuliko senene wa Novemba hapo Bukoba. Hujambo? Unapata usingizi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Simu hupokei, basi nakuandikia. Mama atakupenyezea barua chini ya mlango. Ameniambia zile sauti zimerudi, umejifungia, na hospitali hutaki kwa kuwa aliyetibiwa akili eti harudi kuwa mtu. Nililia. Halafu nikaudhika, maana kazi yangu unaijua: nawatembelea waliotibiwa maradhi hayo, ili utafiti wetu uone nani amepata nafuu na kwa matibabu gani. Wengine bado wanahangaika, sikufichi. Wengi wanaishi.

Juzi nilikwenda Gatsata kwa Mzee Gakwaya, fundi magari, mmoja wa waliotibiwa. Hapa kila mgonjwa ana umurwaza wake, yaani mtu anayekaa naye hospitalini akimpikia na kumfulia, nasi tumezoea kumuuliza huyo. Basi nikamgeukia mkewe moja kwa moja, nikauliza swali letu la kwanza, kama mzee anasalimia watu. Mzee akatoka chini ya gari, mikono imejaa grisi, akataka kujua kama mimi nasalimia, maana nimeingia kwake bila hata muraho, hujambo yao. Niliona aibu, mdogo wangu! Kisha tukacheka wote watatu, nikapewa kiti na chai, na maswali yote akayajibu mwenyewe.

Sasa nikwambie nisichowahi kumwambia hata mama. Ule mwaka niliosema niko mafunzoni, nilikuwa wodini. Nami nilisikia sauti. Dawa ya kwanza ilinilaza kama gogo, wakanibadilishia. Ya pili ndiyo ninayomeza hadi leo. Ndugu sikuwa naye hapa. Akaja Winifred, mwenye nyumba wangu, akalala sakafuni kando ya kitanda changu, akaninywesha uji. Mungu ambariki mama yule, sina cha kumlipa. Nilipopata nafuu, watafiti wakanichukua, kwa sababu wanapenda kuajiri waliopitia maradhi haya.

Kwamba dawa itakukubali upesi, siwezi kukuahidi. Jumamosi napanda basi, napitia mpakani Rusumo. Nikigonga, nifungulie tu, hospitali tutakwenda wote.

Mama msalimie sana. Winifred naye anakusalimu, ingawa hamjaonana.

Ni mimi dada yako, na mgonjwa mwenzako,

Febronia