Sindano za Misuli

Mwanangu,

Pacha wako amekufa Jumanne. Tumeshamzika.

Alikuwa anajidunga zile sindano za kukuza misuli, za kuagiza kwenye simu. Dokta anasema sukari ilipanda mno, na ndani ya vile vichupa hajui kuna nini. Miguu ilivimba, vidole vikafa ganzi. Sisi wapakiaji wenzake kazini tukawa tunamsifu, "Baunsa, unajazia!" Mimi babake ndiye niliyecheka zaidi. Marehemu mama yenu angejua kuwa ule ni uvimbe, si misuli.

Nawakumbuka mlivyokuwa wadogo, mnabeba ndoo moja ya mchanga wawili, mnagombana nani atangulie.

Aliniambia na wewe unazitumia. Zitupe, mwanangu, ukapime sukari. Nimebaki na wewe tu.

Kesho narudi kazini.

Baba yako