Mipaka ya Kulesa Imejaza Mashine Yangu

Jumatatu, tarehe 6

Diski imejaa. Tena. Kila nikiwasha mashine, onyo ni lile lile, kama mimi ni kiziwi. Arusi ya Kipini bado imo kwenye kamera, haina pa kuingia, na mama wa bibi arusi nimemwahidi Jumapili. Nimefuta nyimbo. Nimefuta picha za pasipoti za Garsen nzima. Nafasi haikuongezeka hata chembe. Mashine hii ina roho mbaya.

Arusi yangu na Salim imo humu pia, kubwa kuliko zote. Mwaka wa tatu huu tangu aniache. Sikuigusa. Basi tu.

Jumanne, tarehe 7

Mzigo mwingine ni mipaka ya Kulesa. Mafuriko yalipokaribia watu wa kijiji hicho waliniita niwapige video, kila mtu atembee ukingo wa shamba lake akitaja majirani, maana mto ukipita haubakishi alama. Maji yalikauka zamani. Video hakuna aliyekuja kuchukua. Nimewapelekea neno: njooni na flashi.

Jumatano, tarehe 8

Wamekuja saba. Flashi hata moja! Wameleta video zingine kwenye simu, eti niwawekee pamoja na zile. "Kwako hapaingii maji, dada." Walipotoka nimefuta Kulesa yote. Potelea mbali.

Alhamisi, tarehe 9

Nafasi ni ile ile. Nimelia, wallahi.

Ijumaa, tarehe 10

Fundi wa Malindi kanicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Kumbe ukifuta, vitu vyaenda kwenye ndoo ya taka na kukaa humo humo, vikila nafasi, mpaka uimwage. Wiki nzima! Mjinga mimi.

Nimeshafungua ndoo nimwage, Mama Komora wa Kulesa akaingia. Mumewe alifariki baada ya mafuriko. Sasa shemeji yake asema nusu ya shamba ni yake, na kesho asubuhi wazee wanakaa kuamua. Anataka ile video.

Na mimi niliifuta Jumatano! Nikaitafuta ndani ya ndoo. Imo. Marehemu anatembea, anaonyesha kwa jembe: "Mimi mpaka mfereji huu. Ng'ambo ni ndugu yangu, na mwenyewe ajua." Na huyo shemeji yuko nyuma yake, anaitikia kwa kichwa.

Nikamtilia kwenye simu. Akaniomba niionyeshe tena pale kwenye mashine. Si kwa ajili ya wazee. Tumeiangalia mara nne.

Jumamosi, tarehe 11

Shamba amepata lote. Kaniletea mkungu wa ndizi.

Kulesa nimeirudisha yote mahali pake. Nyimbo na picha za pasipoti nikazimwaga, nafasi ikapatikana kidogo tu, na Kipini bado wako nje. Nikafuta arusi yangu. Sikuifungua kwanza. Nikamwaga ndoo tena.

Kipini wanaingia sasa, polepole. Nakula ndizi.